Moto wa Siku ya Gulio

Kila Irine alipoingia jikoni, mazungumzo yalikatika. Mama mkwe wake, Eliakunda, angeinama na kuchochea kuni zilizokuwa zikiwaka vizuri tu, na shangazi Asteria angeanza kuusifia uji. Mwanzoni Irine alidhani ni soni ya watu wa milimani mbele ya mkwe aliyetoka tambarare. Yeye alizaliwa na kukulia Same mjini, kwenye joto na vumbi la barabara kuu. Huku milimani, kijiji cha Mamba, alikuja kwa ajili ya uzazi, kwa kuwa mumewe, Loth, alitaka mtoto wao wa kwanza apokelewe na mikono ya mama yake. Loth mwenyewe alikuwa Makanya kwenye machimbo ya jasi, na mlimani alipanda pale tu alipopewa nafasi.

Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Priska. Alinyonya vizuri na kulala vizuri, ila alitokwa na upele mapajani, na kila alasiri alilia hadi sauti ikakauka. Nesi wa zahanati alisema ni mkojo na joto la nguo. Aachwe wazi apigwe na hewa. Lakini shangazi Asteria, dada mkubwa wa marehemu baba yake Loth, alipomfunua mtoto na kuuona ule upele, alimfunika taratibu, akamtazama Eliakunda. Eliakunda akatazama chini.

Kuanzia siku hiyo ndipo ukimya wa jikoni ulipoanza.

Wanawake wale walikuwa wamesahau jambo moja, au hawakuwahi kulijua. Irine alijibu kwa Kiswahili kila aliposemeshwa, lakini bibi aliyemlea alikuwa mtu wa Gonja, na kwa bibi huyo alikuwa amekisikia Chasu, lugha ya Wapare, tangu akiwa mgongoni. Basi asubuhi moja, akiwa amejilaza na mtoto upande wa pili wa ukuta wa udongo, alimsikia Asteria akisema kwa sauti ya chini, bila papara, kama mtu anayepanga siku ya kupalilia.

"Upele huo ukiachwa utamfuata hadi ukubwani. Unajua dawa yake. Siku ya gulio wanaume wote watakuwa sokoni. Mama Tumainieli nimeshaongea naye, atapita kama anakuja kumwona mzazi."

"Mama yake je?" aliuliza Eliakunda.

"Mama yake atapelekwa kuoga. Kidonda cha mtoto mchanga hupona upesi. Hatajua, na akijua itakuwa imekwisha."

Irine alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la mtoto, na tumbo lile dogo lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, bila habari. Shuleni Same walifundishwa habari za mangariba wanaokeketa wasichana. Waliambiwa kwamba tangu serikali ilipopiga marufuku, wasichana wakubwa hawakatwi tena hadharani, na badala yake wanakatwa wachanga, kimyakimya, ndani ya uzazi, kwa kisingizio cha kutibu upele, mtoto asijue na jirani asisikie. Siku ile darasani yeye na wenzake walicheka kwa aibu, wakaona ni mambo ya mbali. Sasa yalikuwa nyuma ya ukuta, na yalikuwa na siku yake.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, ukingoni mwa shamba la tangawizi, chini kidogo ya choo. Alijifanya anakwenda chooni, mtoto akiwa kifuani, akampigia mumewe. Mashine zilinguruma nyuma ya sauti ya Loth.

"Nani kakwambia?" aliuliza Loth baada ya kumsikiliza.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

Mashine ziliendelea kunguruma.

"Irine, mambo ya watoto wa kike anayajua mama. Mimi mwanamume nitaingiaje humo?"

"Ni mwanao, Loth."

"Najua ni mwanangu! Lakini usinigombanishe na ukoo. Hilo shamba mama analilima kwa sababu shangazi amekubali. Tangu baba afariki, shangazi akisema neno moja mama anabaki na jiko na kuku wake. Wewe tulia. Huenda hata hukuelewa vizuri."

"Nimeelewa."

"Basi tulia," alirudia. Kisha akaongeza, kwa sauti iliyobadilika, "Na usimpigie mtu mwingine."

Simu ilipokatika Irine alibaki amesimama kati ya matuta, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kuimeza migomba mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameogopa kwamba Loth hajui. Sasa aliogopa kwamba Loth alijua.

Alifikiria kuondoka kwa miguu. Lakini kuteremka hadi barabara ya Kisiwani na mtoto mchanga, mwili wake mwenyewe ukiwa bado haujafunga, njia nzima ikipita milangoni mwa watu wa ukoo uleule? Wangemrudisha kwa upole, wakimshika kiwiko, wakisema mzazi amechanganyikiwa. Alifikiria mwenyekiti wa kitongoji, akakumbuka kuwa mwenyekiti ni mtoto wa Asteria. Kila mlango aliougusa kwa mawazo, nyuma yake alikuwepo shangazi.

Jioni ile, Eliakunda alipokaa na beseni kumwogesha mtoto, Irine alijikaza akasema, "Mama, ninajua mnachotaka kumfanyia."

Mikono ya Eliakunda haikusita. Ilichota maji, ikayamimina kwenye shingo ya mtoto, ikachota tena.

"Umejua," alisema. "Afadhali. Sikupenda kukuficha."

"Mama, nakuomba."

"Ngoja nikuambie kitu, mwanangu, halafu uniombe." Alimgeuza mtoto kifudifudi juu ya kiganja chake. "Mama yangu mzazi aliitwa Anaeli. Enzi zake mwanamke hakusimama kusema mbele ya wanaume. Akitaka neno lake lifike, alimwambia kaka yake, kaka akalisema kama la kwake. Basi Jumapili moja, akina mama wachache waliokuwa wamebatizwa walisimama kanisani mbele ya watu wote. Mama yangu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema binti zake hawatakatwa. Alisema Mungu hakukosea alipowaumba."

"Aliongea vizuri," Irine alinong'ona.

"Aliongea vizuri. Watu wa misheni wakamsifu, wakashuka zao kwenda kwao. Sisi tukabaki. Moto ukizimika jikoni kwetu, hakuna jirani aliyetupa kaa. Nyasi za kuezekea mama alikata peke yake. Mtoni wasichana wenzangu walisogeza mitungi yao nisiiguse. Nilipoolewa huku, mume wangu alisema yeye hajali. Na kweli hakujali. Lakini nilipojifungua mtoto wa kwanza, kaka yake Loth, yule aliyefariki, wanawake waliokuja kunizalisha waliona kwamba sijakatwa." Alimmiminia mtoto maji mgongoni. "Asteria alikuwepo. Ndiye aliyeshika taa."

Maji yalidondoka kwenye beseni. Priska alipiga chafya.

"Wewe unafikiri mimi ni mkatili," Eliakunda aliendelea. "Mimi nilikuwa na akili zangu zote, Irine. Nilikuwa nimetoka kuzaa. Nakumbuka mpaka nguo aliyovaa kila mmoja. Huyu hatakumbuka. Sasa nambie, nimwache kama mama alivyoniacha mimi, waje wamkamate akiwa mtu mzima? Au yaishe angali hajui jina lake?"

Alisema kwa upole, huku akimpaka mtoto mafuta nyuma ya masikio. Upole ule ulimtisha Irine kuliko kauli zote za Asteria. Asteria angeweza kumchukia. Huyu hakumpa nafasi ya kumchukia.

"Dunia imebadilika, Mama. Hakuna wa kumkamata siku hizi."

Eliakunda alimtazama kwa huruma. "Huku?" alisema.

Siku ya gulio ilipambazuka na ukungu mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni hukuliona zizi. Irine alisikia wanaume wakipita njiani na magunia ya tangawizi, wakitaniana, sauti zao zikififia kuelekea sokoni. Alikuwa amekwisha kumfunga mtoto kwa khanga mbili. Alitoka uani na kumkuta Asteria amekaa kwenye kigoda karibu na njia, kama aliyekuwa akimsubiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wapi?"

"Zahanati. Chanjo."

"Leo hakuna chanjo." Asteria alinyanyuka bila haraka, akamtoa mtoto kwenye mikono ya mama yake kwa ustadi wa mtu aliyepokea watoto wengi. "Mzazi hatoki kwenye ukungu kama huu. Maji yako ya kujikanda yako tayari bafuni. Nenda, yasipoe."

Siku zote Asteria alimkanda mwenyewe, akimsugua kwa kitambaa cha moto hadi alie. Leo alimwambia aende peke yake. Irine aliangalia pande zote. Kizingitini mwa chumba cha Eliakunda alikuwa amesimama mwanamke mzee, mfupi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya khanga. Alimwitikia Irine kwa kichwa, kwa heshima, kama wageni wanavyoitikia.

"Nipe mtoto, shangazi."

"Nenda ukaoge."

"Nipe mtoto!"

"Ukipiga kelele utamshtua," alisema Asteria, akageuka. Irine aliivuta khanga yake kwa nyuma, lakini shangazi alikuwa mama wa shamba, mwenye mabega ya kubeba magunia. Alimsukuma kwa kiwiko tu, na Irine, ambaye magoti yake hayakuwa na nguvu tangu ajifungue, alianguka kwenye matope. Alipoinuka, mlango ulikuwa umefungwa. Alisikia komeo likiingia mahali pake.

Aliupiga kwa viganja. Aliupiga kwa ngumi. "Mama! Mama Eliakunda! Fungua!" Ndani Priska alikuwa akilia, kilio chake cha kawaida cha njaa, na Irine alihisi maziwa yakimtoka na kulowesha gauni. Kisha kilio kikakatika. Kilikatika katikati, kama redio iliyozimwa.

Kwa muda ule Irine hakuwa na wazo hata moja kichwani. Alisikia maji yakitiririka bondeni. Alisikia kuku wakiparua. Ndipo akatambua kwamba anaweza kulia mlangoni pale hadi jioni na hakuna atakayekuja, kwa kuwa mke akilia kwenye nyumba ya mumewe ni mambo ya nyumba hiyo. Alikimbia hadi katikati ya uwanja, akaweka mikono mdomoni, akapiga yowe.

"Moto! Moto jamani! Nyumba inaungua! Moto!"

Yowe lilikwenda kwenye ukungu, likarudi, likaenda tena. Moshi wa jikoni ulikuwa umechanganyika na ukungu juu ya paa, hata mtu wa mbali angeamini. Akapiga tena na tena, koo likimkwaruza. Wa kwanza kutokea alikuwa Wilbard, dereva wa bodaboda wa nyumba ya jirani, mkononi dumu la maji na spana bado mfukoni. Nyuma yake walikuja akina mama waliokuwa wakiosha tangawizi mtoni, ndoo zikimwagika, na mzee Asheri akiburuta jembe.

"Moto uko wapi?" Wilbard aliuliza akihema.

Irine aliunyooshea mlango kidole.

Wilbard aliinua mguu ili auvunje, na hapo komeo likatolewa kwa ndani. Aliyefungua ni Eliakunda. Alikuwa amembeba mtoto, amefungwa khanga hadi usoni, haonekani. Nyuma yake, kwenye giza la chumba, Asteria alisimama wima na yule mgeni alikuwa akikusanya vitu sakafuni. Baadhi ya akina mama walimtambua mgeni, wakatazama ndoo zao.

"Ni moshi wa jikoni tu," alisema Eliakunda. "Umekwisha. Asanteni, majirani." Akamgeukia Wilbard. "Washa pikipiki. Mtoto ana homa. Mpeleke na mama yake zahanati, sasa hivi."

"Eliakunda!" aliita Asteria kutoka ndani.

Hakugeuka. Alimpa Irine yule mtoto, na alipoinama kumfunga vizuri alimwambia kwa Chasu, midomo ikiwa karibu na sikio lake, "Usirudi. Hata ukiambiwa mimi ndiye ninayekuita."

Njia ya zahanati ni ya kuteremka, na matope yake ni mekundu na laini kama mafuta. Wilbard aliendesha miguu yote miwili ikiwa chini, akisema, "Shikilia, dada, shikilia." Irine alishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimbana mtoto, na kwenye kiganja hicho alihisi unyevu. Khanga ilikuwa imelowa kwa chini. Unyevu ulikuwa wa vuguvugu. Na Priska hakulia, wala hakujisogeza.

Angeweza kumwambia Wilbard asimame. Angeweza kufunua. Hakuthubutu. Ilikuwa kana kwamba, maadamu hajafunua, bado ana mtoto mzima. Alimtazama mgongoni Wilbard, koti lake la mvua lenye kiraka cha njano, akatazama kiraka hicho njia nzima, na kila pikipiki iliporuka kwenye jiwe alisema, "Yesu, Yesu," bila kujua kama anaomba au anahesabu mawe.

Pale zahanati, nesi alimwona alivyo na matope na gauni lililolowa, akanyoosha mikono.

"Mlete."

Irine alimpa, kisha akageuka akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya mama akinyonyesha. Alisikia khanga ya kwanza ikifunguliwa, halafu ya pili. Nesi alikawia. Irine alisikia kiti kikisogezwa, na taa ikiwashwa, na bado hakuambiwa kitu.

"Amepewa nini huyu?" aliuliza nesi mwishowe.

"Sijui."

"Ananuka dawa za majani. Amelevywa kidogo, usingizi ndio umemzidi. Atazinduka." Akaisogeza khanga kwenye taa. "Na huu ni mkojo, dada. Mkojo na mafuta. Geuka uangalie. Hajaguswa."

Irine hakugeuka mara moja. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Nesi alimwekea mtoto mapajani. Baada ya kitambo Priska alikunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa hasira, na hapo ndipo mama yake naye alipolia.

Alipanda gari la Same siku hiyohiyo, na gauni lake la matope. Simu iliita njiani, jina la Loth likimulika, likazimika, likamulika tena. Hakupokea. Kila gari lilipopunguza mwendo kuchukua abiria alimfunika mtoto uso na kuangalia nani anapanda.

Kwa mama yake mzazi, Same, alikaa na mlango umefungwa hata mchana wa joto kali. Mtu akipiga hodi, alikwenda kusimama chumba cha nyuma na mtoto. Loth alipofika kutoka Makanya, nywele zikiwa bado na vumbi jeupe la jasi, mama yake Irine alimweka nje kwenye benchi hadi Irine alipokuwa tayari.

"Nilikwambia usimpigie mtu," alisema Loth, lakini alisema bila nguvu.

"Sikumpigia mtu. Nilipiga yowe."

Loth alitazama viatu vyake. "Shangazi ameita kikao. Amechukua shamba. Mama kachimba tangawizi peke yake, hakuna mtu aliyekwenda kumsaidia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikuamini kama mama angefungua mlango. Wala sikuamini kama wangeufunga. Nilitaka nisijue, Irine. Ndiyo ukweli."

"Mimi sikuweza kutojua," alisema Irine. Hakumkaribisha ndani siku ile. Alimkaribisha baadaye, alipokuja mara ya tatu, baada ya kwenda mwenyewe polisi dawati la jinsia na kutaja jina la shangazi yake kwa mdomo wake.

Eliakunda aliteremka kutoka mlimani kabla mvua za vuli hazijaanza. Alikuwa amekonda. Alibeba begi moja la nguo na furushi la tangawizi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyejua kama ataambiwa alale. Walizungumza habari za kuku na za bei ya mahindi. Halafu, bila kuulizwa, akasema:

"Siku ile waliyonikata mimi, mama yangu alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Walimfungia nje. Aliupiga mlango, Irine. Yule aliyesimama kanisani mbele ya wazungu na wazee, alipiga mlango ule kama mtoto, akiniita jina. Hakuna aliyefungua. Maisha yangu yote nilimlaumu kwa maneno aliyoyasema kanisani. Kumbe nilikuwa nakimbia sauti ile ya mlango. Ulipoanza kupiga, kisu kilikuwa tayari kimetolewa. Nilimwambia mama Tumainieli asubiri. Asteria akasema endelea. Nikasikia watu wanakuja, nikasema, leo nafungua mimi."

Irine alimsogezea chai.

Jua lilipopungua, Priska alianza kulia, na Eliakunda, akiangalia pembeni, aliuliza kama anaweza kumwogesha. Irine alihisi ile baridi ya zamani ikimpanda nyayoni. Alitaka kusema hapana. Alileta beseni, akaliweka katikati ya uwanja kwenye mwanga, mbali na kila mlango, akakaa kwenye kigoda karibu sana hata magoti yake yakagusana na ya mama mkwe. Kila mkono wa Eliakunda uliposhuka kwenye maji, macho yake yalishuka nao.

Eliakunda aliona. Alichota maji, akayamimina kwenye shingo ya mtoto.

"Kaa hapohapo, mama Priska," alisema. "Usiondoke."